Sura ya Saba: Rimu Husomwa Mgongoni

Katika maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kama ilivyo kando ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, rimu hutundikwa ukutani zikimtazama mteja. Muuzaji anajua anachofanya, maana uso ndio unaouza. Tatizo ni kwamba uso huohuo ndio sehemu rahisi kuliko zote kuiga. Kiwanda chenye rimu moja halisi ya mfano, kifaa cha kupima umbo na mashine ya kuchonga kalibu kinaweza kutoa uso ambao hata aliyeubuni angeukodolea macho kabla ya kusema si wake. Rangi, mng'ao, idadi ya mikono, hata nembo ya katikati, vyote huigwa. Kisichoigwa kwa urahisi ni kile ambacho mnunuzi hakitazami: mgongo wa rimu, tundu lake la kati, viti vya nati na uzito wake.

Sura hii inamfundisha msomaji kusoma huko nyuma. Lakini kabla ya hapo, swali lenyewe linahitaji kunyooshwa. Dukani watu huuliza, "Hii orijino au feki?" kana kwamba majibu ni mawili tu. Majibu ni manne, na asiyeyajua anaweza kuikataa rimu nzuri akaondoka na ya hatari.

Makundi manne ya rimu

Kundi la kwanza ni rimu ya kiwandani, yaani ile ambayo gari lilitoka nayo likiwa jipya, au iliyouzwa kama spea na kampuni ya gari hilo. Kampuni za magari mara nyingi hazitengenezi rimu za aluminiamu zenyewe. Huagiza kwa mafundi wa kazi hiyo: Enkei ya Hamamatsu, iliyoanzishwa mwaka 1950, Topy na Central Motor Wheel huko Japani, au Ronal na Borbet kwa magari ya Ujerumani. Kwa hiyo jina la kampuni nyingine mgongoni si ushahidi wa ughushi, na mara nyingi ni ushahidi wa kinyume chake. Baadhi ya Subaru Impreza WRX STI za soko la Japani zilitoka kiwandani na rimu za BBS za rangi ya dhahabu, na nyingi za Mitsubishi Lancer Evolution VII hadi IX zilivaa Enkei. Anayemshusha muuzaji bei kwa kusema "hii si ya Subaru, imeandikwa BBS" anaonyesha kwamba hajui anachonunua.

Kundi la pili ni rimu ya kampuni huru yenye jina lake, kama Rays, Weds au Enkei hiyohiyo inapouza kwa nembo yake. Haikutoka na gari, lakini si feki. Hili linawahusu sana wanunuzi wa Afrika Mashariki. Katika mikoa ya theluji ya Japani, kama Hokkaido, mwenye gari huwa na seti mbili za magurudumu: moja ya kiangazi, nyingine yenye matairi ya barafu. Seti ya pili mara nyingi hununuliwa kwa kampuni huru kwa sababu ya bei. Gari linapouzwa mnadani na kupakiwa melini, huenda likaja na seti yoyote kati ya hizo mbili. Ndiyo maana Premio au Fielder iliyoshuka bandarini jana, haijaguswa na fundi yeyote wa hapa, inaweza kuwa na rimu ambazo Toyota haizijui, na bado zikawa rimu salama kabisa.

Kundi la tatu ni nakala ya wazi. Umbo limeigwa, lakini rimu ina jina la aliyeitengeneza na haidai kuwa ya mwingine. Kundi la nne ni bandia: umbo limeigwa na jina limeibwa. Kinachotenganisha kundi la tatu na la nne ni maneno yaliyo juu ya rimu, kwa kuwa umbo linaweza kuwa lilelile. Nakala ya wazi inaweza kuwa nzuri au mbaya, lakini yupo mtu wa kumuuliza ikipasuka. Bandia haina mtu, na hapo ndipo hatari yake inapoanzia.

Kusubu na kufua

Rimu za aluminiamu hutengenezwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kusubu: madini yaliyoyeyushwa huingizwa kwenye kalibu na kuachwa yagande. Viwanda vinavyotengenezea kampuni za magari hupendelea kuyasukuma madini kutoka chini kwa msukumo mdogo wa hewa, ili yajae taratibu bila kubeba mapovu. Ya pili ni kufua: kipande kigumu cha aluminiamu hupashwa moto na kukandamizwa kwa mashine ya maelfu ya tani hadi kichukue umbo. Chembe za madini hupangika kama unga uliokandwa ukalainika, na rimu hutoka imara ikiwa na madini machache, kwa hiyo huwa nyepesi.

Rimu ya kusubu ikishatoka kwenye kalibu bado haijawa tayari. Aluminiamu inayotumika sana, yenye silikoni takriban asilimia 7 na magnesi kidogo, inatakiwa kupashwa moto kwa saa kadhaa, kupozwa ghafla majini, kisha kupashwa tena kwa joto la chini. Bila hatua hizo hubaki laini. Kiwanda makini pia huipiga rimu eksirei kutafuta vitundu vya hewa ndani ya mikono. Kazi zote hizi hugharimu muda, umeme na rimu zinazotupwa, na hakuna hata moja inayoonekana kwa macho. Mghushi anapobana gharama, hapo ndipo anapobania.

Kisha kuna majaribio. Rimu hufungwa kwenye mashine na kupindwa huku ikizunguka, kuiga gari linalokata kona maelfu ya mara. Hukandamizwa juu ya pipa linalozunguka, kuiga uzito wa gari na abiria. Kisha huangushiwa uzito. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 7141, rimu iliyovishwa tairi hulazwa kwa mteremko wa nyuzi 13, na chuma huachiliwa juu ya ukingo wake kutoka milimita 230. Uzito wa chuma hicho hupatikana kwa kuchukua mzigo wa juu wa rimu, kuuzidisha kwa 0.6 na kuongeza kilo 180. Rimu iliyoandikwa kubeba kilo 600 hupigwa na kilo 540. Ikipata ufa unaopenya, au tairi likipoteza hewa yote ndani ya dakika moja, imeshindwa.

Dereva wa kwetu hahitaji kuambiwa jaribio hilo linaiga nini. Anakutana nalo kwenye shimo lililofichwa na maji ya mvua na kwenye tuta lisilopakwa rangi.

Mgongo una mengi ya kusema

Igeuze rimu, ifute vumbi la breki kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na uwe na tochi. Kwenye rimu ya kiwandani utakuta maandishi mengi kuliko ulivyotarajia.

La kwanza ni ukubwa, kwa mfano 15x6JJ au 8Jx18H2. Namba ya inchi za kipenyo na ya upana zinafahamika. J au JJ ni umbo la ukingo unaoshika tairi, na H2 ina maana kwamba kuna matuta mawili madogo ndani yanayozuia tairi kuteleza. Karibu yake kuna ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na sehemu inayogusa habu. Wajerumani huiandika ET45, BMW nyingi za zamani IS20, Wajapani huweka +45 au 45 peke yake. Linganisha na kitabu cha gari. Ofseti ikitofautiana na ya kiwandani, hiyo si rimu ya toleo hilo la gari, hata uso ukilingana.

La pili ni namba ya spea. Kampuni za Ulaya mara nyingi huiweka juu ya rimu yenyewe, na namba hizo zina mpangilio. Rimu ya aluminiamu ya Volkswagen au Audi huwa na tarakimu 601 025 katikati, na zinazotangulia hutaja familia ya gari: 1K0 ni Golf ya kizazi cha tano, 8P0 ni Audi A3 iliyoanza mwaka 2003. Mercedes-Benz huanza na herufi A, kisha aina ya gari, kisha 401, kwa hiyo A 211 401 inaelekea kwenye E-Class iliyotoka mwaka 2002. Kwa magari ya Japani, namba kamili hupatikana zaidi kwenye orodha ya spea: Toyota hutumia 42611, Nissan 40300, Honda 42700 na Subaru 28111, zikifuatiwa na tarakimu za toleo. Muuzaji wa spea halali anaweza kukutafutia namba hiyo kwa kutumia namba ya chesisi, akakuambia gari lako lilitoka na rimu ya ukubwa gani.

La tatu ni saa ya kalibu: duara dogo lenye namba 1 hadi 12 pembeni na mwaka katikati, na mshale au vidoti vinavyoonyesha mwezi wa kusubu. Alama hii haimpambii mnunuzi chochote. Iliwekwa ili kiwanda kiweze kurudi nyuma na kujua rimu mbovu ilitoka kwenye kalibu gani na lini. Kwa sababu hiyo ni shahidi mzuri. Tarehe isiwe ya kabla gari hilo halijabuniwa. Kama muuzaji anadai rimu zimetoka na gari lile pale uani, ziwe zimesubiwa kabla gari halijaunganishwa, si mwaka mmoja baadaye. Rimu nne za mwezi mmoja au miezi inayokaribiana ni jambo la kawaida. Ukikuta tarehe ileile, alama ileile ya kalibu na kasoro ileile ndogo kwenye seti tatu zinazosemwa zimetoka magari matatu tofauti, jua aliyeiga aliiga hadi saa.

La nne ni ubora wa maandishi yenyewe. Herufi zilizoinuka huzaliwa pamoja na rimu ndani ya kalibu, kwa hiyo ngozi ya madini juu ya herufi na pembeni yake ni moja. Herufi zilizogongwa huzama, na rangi ya kiwandani huingia ndani yake. Ukiona herufi zilizozama zina sakafu inayong'aa huku pembeni pana rangi ya zamani, zimegongwa baada ya rimu kupakwa. Ukiona eneo limesagwa likalainika ilhali mgongo mzima una ukwaru wa kalibu, uliza pale palikuwa pameandikwa nini.

Tundu, duara na kiti

Kuna rimu zinazojitia hatiani bila hata herufi moja kusomwa. Tazama matundu ya nati. Rimu yenye matundu manane, manne ya duara la milimita 100 na manne ya milimita 114.3, haikutoka na gari lolote la kawaida la abiria. Imetobolewa hivyo ili muuzaji mmoja awahudumie wateja wengi.

Kisha pima tundu la kati kwa kalipa. Kampuni ya gari hutoboa rimu ikalie habu yake barabara: milimita 54.1 kwa Toyota zenye PCD (idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara lake) ya 5x100, 60.1 kwa zenye 5x114.3, 64.1 kwa Honda nyingi, 66.1 kwa Nissan nyingi, 56.1 kwa Subaru. Rimu ya soko huru mara nyingi hutobolewa milimita 73.1, kisha pete ya plastiki huwekwa kuziba pengo. Pete si dhambi. Rimu nyingi nzuri za kampuni huru hutumia. Lakini anayekuuzia rimu yenye pete akisema ni ya kiwandani hajui au anadanganya, na vyote viwili ni sababu ya kuondoka.

PCD nayo inaweza kufichua umri. Impreza STI za awali zilitumia 5x100. Kuanzia toleo la mwaka 2005 STI ilihamia 5x114.3. Mtu akikuuzia "rimu za STI ya 2003" zenye 5x114.3, kuna kitu hakiendi sawa.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni kiti cha nati, yaani umbo la ndani ya tundu ambapo nati hukaza. Honda hutumia kiti cha mviringo; Volkswagen na Mercedes pia. Toyota nyingi zenye rimu za aluminiamu hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu za soko huru karibu zote hutumia kiti cha koni cha nyuzi 60. Rimu ya "Honda orijino" yenye kiti cha koni imeshajibu swali. Na hata kama umeamua kuinunua, nati za zamani haziifai: nati ya mviringo kwenye kiti cha koni hugusa mstari mwembamba tu, hulegea njiani, na gurudumu likichomoka katika mwendo halichagui nani wa kumgonga.

Jina kubwa, ughushi mwingi

Rimu zinazoghushiwa zaidi ni zile ambazo watu wako tayari kulipa mara kumi kwa ajili ya jina. Tatu zinatosha kuonyesha jinsi ujuzi wa kila rimu unavyosaidia.

Ya kwanza ni rimu ya Fuchs ya Porsche 911. Ilitoka mwaka 1966 pamoja na 911 S, ikiwa imebuniwa na Heinrich Klie na kufuliwa katika kiwanda cha Otto Fuchs huko Meinerzhagen, Ujerumani. Toleo la kwanza lilikuwa la inchi 15 kwa upana wa inchi 4.5. Mikono yake mitano kama majani ya ua inajulikana duniani kote, na kwa sababu hiyo nakala za kusubu ni nyingi. Iliyofuliwa hugongwa mgongoni alama ya Fuchs, namba ya spea ya Porsche, ukubwa, na mwezi na mwaka. Kuna mtego hapa: Porsche yenyewe imerudi kuuza rimu za Fuchs kwa magari ya zamani. Hizo ni halisi kabisa, lakini tarehe yake ni ya juzi. Anayelipa bei ya rimu iliyozaliwa pamoja na gari lake hana budi kusoma tarehe, maana uhalisi na umri ni mambo mawili. Upana nao ni shahidi: 911 Turbo ya mwaka 1975 ilikuwa na inchi 7 mbele na 8 nyuma, kwa hiyo seti yenye upana mmoja haikutoka kwenye gari hilo.

Ya pili ni BBS RS ya mwaka 1983, kutoka Schiltach, Ujerumani. Hii ni rimu ya vipande vitatu: uso wa wavu na mapipa mawili, vilivyoshikwa na boliti zinazozunguka ukingo. Boliti hizo zina kazi. Kwenye nakala nyingi rimu ni kipande kimoja, na boliti ni mapambo yaliyochomekwa kwa gundi. Jaribu moja kwa ukucha, kisha geuza uone kama upande wa pili una kitu. Ikiwa nyuma ni ukuta mtupu, boliti ya mbele haishiki chochote.

Ya tatu ni Volk Racing TE37 ya kampuni ya Rays ya Osaka, iliyotoka mwaka 1996. Namba 37 inatokana na uzito: kilo 3.7 kwa rimu ya inchi 15 kwa 6. Rimu hii hufuliwa, na nakala zake karibu zote husubiwa, ambazo lazima ziongezewe madini ili zisivunjike. Kwa hiyo mizani ya dukani hutoa ushahidi ambao rangi haiwezi kuuficha. Hili linafaa kwa rimu yoyote iliyofuliwa: tafuta uzito uliotangazwa na kampuni kwa ukubwa huo hasa, vua tairi, pima. Tofauti ya gramu mia si neno, lakini tofauti ya kilo mbili ina maana.

Alama nazo husema uongo

Wauzaji wengi hujitetea kwa herufi tatu: "Bosi, angalia, ina JWL." Ni vizuri kujua herufi hizo zinasema nini. JWL ni tamko la mtengenezaji kwamba rimu imekidhi kiwango cha Japani cha rimu za aluminiamu za magari ya abiria. JWL-T ni kiwango cha malori na mabasi. VIA ni alama ya kwamba chombo huru cha Japani kimethibitisha majaribio na kuiandikisha rimu. Alama hizi hazitofautishi rimu ya kiwandani na ya kampuni huru, kwa kuwa zote mbili zinaweza kuwa nazo. Na kwa kuwa kuchonga herufi kwenye kalibu ni kazi ndogo, ziko hata kwenye rimu ambazo hazijawahi kuonja maabara. Zichukue kama dai linalohitaji mashahidi wengine: jina la mtengenezaji, ukubwa, mzigo wa juu na saa ya kalibu vyote vikiwepo na kupatana, dai lina uzito. JWL ikisimama peke yake kwenye mgongo mtupu, haina.

Kwa mwenye Hiace ya kubeba abiria hili si suala la urembo. Daladala au matatu hubeba mzigo kutwa nzima, na abiria wa ziada jioni. Rimu ya gari dogo iliyolazimishwa kwenye gari la kazi, hata iwe halisi ya kampuni kubwa, haikupimwa kwa mzigo huo. Hapo mtu asome mzigo wa juu kabla ya kusoma jina.

Kwa magari ya Ujerumani kuna alama nyingine yenye faida: KBA na namba yake. Ni kibali cha mamlaka ya magari ya nchi hiyo iliyoko Flensburg, na hutolewa kwa rimu za makampuni huru. Rimu ya kiwandani huidhinishwa pamoja na gari zima, kwa hiyo kwa kawaida haina haja ya namba hiyo. Ukiambiwa hii ni orijino ya Mercedes na mgongoni ukakuta KBA, kuna uwezekano mkubwa una rimu ya kundi la pili au la tatu. Huenda ni nzuri, lakini usiilipie bei ya kundi la kwanza.

Mahakama iliposema

Mpaka kati ya nakala halali na wizi umewasumbua hata majaji. Acacia, kampuni ya Italia, ilikuwa ikitengeneza rimu zenye umbo la rimu za Audi na Porsche, na kampuni hizo zikaenda mahakamani. Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kifungu kinachoruhusu spea za ukarabati kinazihusu hata rimu, mradi zifanane kabisa na za awali na zitumike kurudishia gari sura yake. Lakini iliweka sharti: mtengenezaji lazima amjulishe mnunuzi waziwazi kwamba ubunifu ni wa mwingine na kwamba rimu ni ya ukarabati tu. Mwaka 2024 Umoja huo ulibadilisha sheria zake za ubunifu na kukibana kifungu hicho kwenye spea ambazo umbo lake linalazimishwa na umbo la gari, kama mlango au boneti. Rimu inabaki nje, kwa kuwa inaweza kuchukua umbo lolote na bado gari likaenda.

Jambo la kubaki nalo kutoka katika kesi hiyo ni kwamba hata mahakama ilipoiruhusu nakala, haikuruhusu ukimya. Nchini Kenya, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 inalenga bidhaa zinazovaa alama za watu, na nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa na Tume ya Ushindani chini ya sheria ya alama za bidhaa.

Halisi lakini mbovu

Uhalisi si afya. Rimu ya kiwandani iliyotoka nje kama mtumba inaweza kuwa imepinda, ikanyooshwa kwa moto, ikachomelewa na kupakwa rangi mpya. Moto wa kuchomelea huharibu ule ugumu uliopatikana kwa kupasha na kupoza, hasa kwenye mkono na karibu na matundu ya nati. Kagua ndani ya pipa, upande unaotazama gari, kwa sababu nyufa nyingi huanzia huko. Tafuta mstari mwembamba chini ya rangi, mshono wa kuchomelea, au matundu ya nati yaliyozibwa na kutobolewa upya ili PCD ibadilike. Kisha izungushe kwenye mashine ya balansi bila tairi na uangalie kama ukingo unacheza. Nakala ya wazi iliyo mpya, yenye jina na mzigo wa juu ulioandikwa, ni bora kuliko orijino iliyochomelewa.

Kwa hiyo dukani mpangilio wa kazi ni huu. Geuza kwanza, nembo ya katikati iache mwisho, maana hiyo hununuliwa peke yake na kubandikwa kwa sekunde moja. Hesabu matundu, pima tundu la kati, tazama kiti cha nati. Hatua hizo tatu huondoa uongo mwingi kabla hujasoma chochote. Soma ukubwa, ofseti, namba na saa ya kalibu kwenye rimu zote nne, si moja. Pima uzito kama jina ni kubwa. Kagua nyufa. Kisha amua rimu iko kundi gani kati ya yale manne, na ujadili bei ya kundi hilo.

Ukishakubaliana, usiridhike na risiti iliyoandikwa "rimu 4". Mwambie muuzaji aandike alichokuambia kwa mdomo: rimu za kiwandani za gari fulani, ukubwa fulani, zenye namba fulani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyopo Tanzania na Kenya, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Muuzaji mwenye uhakika ataandika bila kusita. Anayesita kuandika neno "orijino" alilolitamka mara ishirini amekupa jibu lako, na bado pesa ziko mfukoni mwako.